Fungua Mdomo Nione: Siku Zangu za Kutokwa Damu Puani

Jumatatu, siku ya 1

Niliamka saa nane usiku nikidhani ni mafua. Kitu cha uvuguvugu kilikuwa kinanishukia mdomoni, nikakipangusa kwa kiganja, nikageukia upande wa pili. Mto ulipolowa ndipo nilipowasha taa. Damu ilikuwa imeshika mto, shuka na mkono wangu hadi kwenye kiwiko, na bado ilikuwa inakuja, tundu la kushoto, mkondo mwembamba usiokatika, kama bomba lisilofungwa sawasawa.

Nilifanya nilichofundishwa utotoni: nikainua kichwa, nikatazama dari. Mume wangu akalowesha kitambaa maji baridi akaniwekea kwenye paji la uso. Baada ya dakika kumi hivi pua ikakauka, tukashukuru. Kumbe damu ilikuwa imebadili njia tu. Ilikuwa inapita nyuma, kooni, na mimi nilikuwa naimeza bila kujua ni kiasi gani. Nusu saa baadaye tumbo likachafuka, nikatapika ndani ya beseni mabonge meusi kama maini. Binti yangu aliyekuwa ameshika beseni akaanza kulia, akajizuia, akanishika mgongo.

Kituo cha kwanza tulichokwenda kilikuwa karibu. Mhudumu wa zamu alisokota pamba akaijaza puani, akanipima presha ikasoma 176 kwa 102, akanipa kidonge, akasema turudi nyumbani kwa kuwa damu imeacha. Kooni hakunitazama. Sisemi alikuwa na nia mbaya. Alitazama palepale tulipokuwa tunatazama sisi sote, puani. Lakini jambo hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu nilimwambia kwamba nahisi nameza kitu, akanijibu ni makohozi.

Saa kumi na mbili asubuhi nilianguka nikienda chooni. Nakumbuka sakafu ilivyokuwa baridi shavuni, na masikio yakivuma.

Hospitali ya pili tulipokelewa dharura. Nesi aliyenipokea alikuwa kijana, na jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kuniweka sawa kwenye kiti. "Mama, usiegemee nyuma. Inama mbele. Pumua kwa mdomo. Damu ikija, tema, usimeze." Mimi nilikuwa nimejibana juu, kwenye mfupa. Akauondoa mkono wangu, akaushusha hadi kwenye nyama laini ya pua chini ya mfupa, akanionyesha jinsi ya kubana kwa kidole gumba na cha shahada. "Hapa. Dakika kumi na tano kwa saa ya ukutani, bila kuachia kuchungulia." Nilikuwa nimebana mahali ambapo kubana hakusaidii kitu, kwa saa nne.

Mwenzake akanitoboa mkono, akaweka kanula, kile kimrija cha mshipani, akatoa damu ya vipimo: wingi wa damu, chembe sahani, kuganda, na kundi la damu iwapo nitahitaji kuongezwa. Dripu ikaanza. Dakika 15 zilipokwisha yule kijana akawasha tochi ndogo, akasema, "Fungua mdomo nione."

Akatazama kooni. "Bado. Inashuka kwa nyuma."

Ndiyo mara ya kwanza nilipoelewa ugonjwa wangu uko wapi.

Daktari akaja na maswali. Je, katika ukoo kuna wanaotokwa damu ovyo? Hapana. Umeumia pua? Hapana. Unatumia dawa gani? Nikasema hakuna, ila za presha, nazo naruka mara kwa mara. Binti yangu akafungua mkoba wangu, akatoa karatasi ya diklofenaki, nusu imeliwa, na kichupa cha aspirini. Diklofenaki, dawa ya maumivu, nilikuwa nameza kwa ajili ya goti, wiki ya tatu hiyo. Aspirini ndogo niliianza mwenyewe baada ya kusikia inalinda moyo. Sikudhani hizo ni dawa za kutajwa. Daktari hakunikaripia. Alinieleza kwa upole kwamba aspirini huzizima chembe sahani, zile zinazokimbilia penye jeraha kuziba, na chembe ikishazimwa haiamki tena. Mwili hungoja zizaliwe mpya, jambo linalochukua siku saba hadi kumi. "Kwa hiyo hata tukisimamisha leo, mama, wiki hii yote bado unayo mwilini."

Ewe unayesoma, ukiulizwa unatumia dawa gani, taja zote. Taja na za goti.

Mchana akaja daktari wa masikio, pua na koo. Alivaa taa kichwani, akanyonya mabonge ya damu kwa mrija, akapuliza dawa ya ganzi iliyochanganywa na ya kubana mishipa. Ladha yake ni chungu, inashuka kooni na kuliacha koo kama si lako. Akachungulia kwa muda mrefu. Akaniambia wengi wa wanaotokwa damu puani hutokwa mbele, kwenye ukuta unaotenganisha matundu mawili, mahali panapokutana mishipa midogo mingi. Pameitwa kwa jina la Kiesselbach, daktari Mjerumani wa karne ya 19. Pakivuja hapo, huguswa kwa kijiti chenye nitreti ya fedha, panaungua, mgonjwa anakwenda zake. Kwangu hapo palikuwa safi. Damu ilikuwa inatoka nyuma kabisa, mahali ambapo kijiti chake hakifiki.

Basi ikawa kuziba. Alinionyesha sponji bapa, kavu, ngumu kama kadibodi, ndefu kuliko kidole changu cha kati. Nilidhani itakwenda juu, kuelekea machoni, kwa sababu ndivyo nilivyoamini pua ilivyo. Pua haiendi juu. Inaenda nyuma, moja kwa moja, sambamba na paa la mdomo, na sponji lile liliingia lote. Ganzi ilisaidia, siwezi kusema haikusaidia, lakini kuna msukumo ambao ganzi haiuzuii, kama kwamba mtu anaufungua uso wako kwa ndani. Kisha akadondoshea maji ya chumvi, na sponji likaanza kuvimba. Machozi yalitoka jicho la kushoto peke yake.

"Fungua mdomo." Tochi. "Afadhali. Tunakulaza."

Jumanne, siku ya 2

Usiku wa kwanza wodini sikulala, na naomba nieleze kwa nini, maana kabla ya hapo ningemshangaa mtu anayelalamika kuhusu pua kuziba. Ukimeza mate pua ikiwa imezibwa, masikio yanavutwa ndani, yanatoa mlio, kichwa kinajaa. Kila mara. Na mate hayaachi kuja. Ukipitiwa na usingizi mdomo unafumba wenyewe, hewa inakatika, unashtuka ukiwa umeketi. Mdomo ukiwa wazi saa zote ulimi unakuwa kama kipande cha ngozi iliyoanikwa. Niliinuliwa mito, nikakaa nusu wima, kidole kimebanwa na kile kifaa kinachosoma oksijeni, nikawa natazama namba zake kama mtu anayesoma barua: 95, 94, 96.

Nesi wa usiku alikuwa dada mtu mzima. Kila saa moja alikuja na tochi. Hakuwa na maneno mengi. Mkono wake wa kushoto ulikuwa unashika kidevu changu, wa kulia tochi, na kabla ya kuondoka alinilowesha midomo kwa pamba yenye maji. Hicho kitendo cha pamba sikukiomba. Nitamwombea mema kwa hicho kila nikikumbuka.

Mchana ulipita. Presha ilishuka hadi 148 kwa 90 kwa dawa. Nikaanza kusema nitapona.

Saa tatu usiku nikahisi uvuguvugu kooni. Nilitaka kumeza, nikakumbuka, nikatema kwenye kibakuli. Damu mbichi, nyekundu. Nikabonyeza kengele. Tochi. Yule dada hakusema "afadhali". Aligeuka akatembea haraka, na kutembea haraka kwa mtu ambaye hakuwa na haraka usiku kucha kuliniogopesha kuliko damu yenyewe.

Daktari wa zamu alitoa sponji, na nyuma yake damu ikaja kama maji yaliyofunguliwa. Alichotumia safari hii ni ule mpira unaotumika kutolea mkojo, wenye puto dogo kwenye ncha. Aliupitisha puani hadi ncha ikaonekana kooni nyuma ya kimio. Nilitapika. Akangoja, akaendelea. Akalijaza puto maji kwa sindano, kidogo kidogo, kisha akauvuta mpira kuja mbele mpaka puto likakwama nyuma ya pua na kupaziba. Mbele akapanga utepe wa shashi yenye dawa, tabaka juu ya tabaka, akafunga mpira kwa kibanio nje ya tundu, akaweka pedi laini chini yake ili kibanio kisiile ngozi ya pua.

Nilikuwa nimeshika mkono wa binti yangu. Kesho yake alikuwa na alama za kucha zangu.

Jumatano, siku ya 3

Damu yangu ilipopimwa Jumatatu himoglobini, kipimo cha wingi wa damu, ilikuwa 11.2. Asubuhi hii ilisoma 6.8. Nilikuwa nimeanza kuhema nikigeuka tu kitandani, na mapigo ya moyo yalikuwa 118 nikiwa nimelala. Wakaamua niongezwe chupa mbili.

Nilizoea kusikia "ameongezewa damu" kama neno dogo. Wauguzi wawili walikuja pamoja. Mmoja alisoma jina langu kwenye bangili ya mkononi, namba, kundi. Mwingine akasoma kwenye mfuko. Wakabadilishana, wakasoma tena. Wakaniuliza na mimi niseme jina langu kwa mdomo wangu, ingawa walikuwa wamelisoma mara nne. Kisha mmoja akabaki nami dakika 15 za mwanzo, akinipima joto na presha, akiniuliza kama nahisi baridi, kuwashwa, maumivu ya mgongo au kifua. Mfuko ulikuwa wa baridi na nilihisi ubaridi ule ukipanda mkononi. Nilimfikiria mtu aliyetoa. Sitamjua. Nilimfikiria kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumfikiria mtu nisiyemjua, kwa sababu nilikuwa naye mwilini.

Chupa moja, waliniambia, hupandisha himoglobini kwa takriban 1. Jioni ilisoma 8.7.

Mengine ya siku hiyo ni madogo. Choo kilikuwa cheusi kama lami. Nesi alikuwa amenionya kuwa ni damu niliyoimeza, nisishtuke. Antibayotiki zilianza kupitia mshipa, maana pua iliyozibwa muda mrefu huweza kupata maambukizi. Kichwa kiliuma upande mmoja mchana kutwa, nikapewa parasetamoli, dawa ya maumivu isiyogusa chembe sahani.

Alhamisi, siku ya 4

Asubuhi walijaribu. Daktari wa pua alitoa maji kwenye puto nusu, akangoja. Tochi. Pakavu. Nikaona mume wangu akivuta pumzi. Akatoa maji yaliyobaki. Tukangoja wote, yeye akiwa ameshika tochi, mimi nimeachama, wodi kimya. Labda dakika tatu. Nililihisi kabla hajaliona, ule uvuguvugu. Akajaza puto tena bila kusema neno.

Kisha akavuta kiti, akaketi, na hilo nilimheshimu nalo: hakuniambia akiwa amesimama. Alisema zimebaki njia mbili. Ya kwanza ni kuufunga mshipa unaoleta damu hiyo, ateri inayoingia nyuma ya pua iitwayo sfenopalatini, kwa upasuaji wa kamera kupitia tundu la pua, bila kuchana uso. Ya pili ni kupitisha mrija mwembamba kutoka mshipa wa kinenani hadi kichwani na kuuziba mshipa kwa ndani. Hiyo hufaa sana kwa wasioweza kustahimili dawa ya usingizi, lakini ina hatari ndogo ya kiharusi au ya kuharibu jicho. Moyo na mapafu yangu yalikuwa mazuri. Alipendekeza upasuaji. Nikamuuliza, "Ungekuwa mama yako?" Akajibu, "Ningemfanyia huu huu, na ningetaka ufanyike kesho." Nikatia sahihi.

Ijumaa, siku ya 5

Nisile tangu usiku wa manane. Daktari wa usingizi alinitazama meno, akanifungua mdomo, akanipima shingo inavyopinda, akaniuliza mara ya mwisho nilitapika lini. Aliniambia tumbo lenye damu ni kama tumbo lililokula, kwa hiyo atanilaza haraka na kunilinda njia ya hewa mara moja.

Thieta ilikuwa baridi. Taa, nyuso zenye barakoa, mtu akinishika bega na kuniita jina. Nikaambiwa nihesabu. Sikumbuki nilifika ngapi.

Nilipoamka nilikuwa na ladha ya chuma mdomoni na koo limekwaruzika. Nilipeleka mkono usoni. Mpira haukuwepo. Kibanio hakikuwepo. Nilivuta pumzi kwa pua, tundu la kulia, na hewa ikaingia. Hewa! Ilikuwa nyembamba na ina harufu ya dawa, na nilibaki nikiivuta na kuitoa tu, machozi yakishuka pembeni, na nesi wa chumba cha kuamkia akadhani nina maumivu.

Daktari alikuja jioni. Mshipa ulipatikana pale nyuma ya mfupa wa pembeni, ukabanwa kwa vibanio vidogo vya chuma, ukachomwa kwa umeme. Ameacha kipande cha dawa ya kuyeyuka ndani, hakitatolewa. Akaniambia nitalala vizuri.

Nililala saa tano mfululizo. Yule dada wa usiku alinijia mara moja moja kwa tochi yake, na safari hizi nilifungua mdomo nikiwa nusu usingizini, bila kuambiwa.

Jumamosi na Jumapili, siku ya 6 na ya 7

Matone ya majimaji ya rangi ya waridi, basi. Himoglobini 8.9. Jumapili asubuhi kanula ilitolewa, na nilipewa maelekezo ambayo nayaandika kwa sababu nilipoyashika ndipo nilipopona:

Nisipenge kamasi kwa wiki mbili. Chafya ikija, niitoe kwa mdomo uliofunguka. Nisiinamie chini, nisibebe kizito, nisijikaze chooni. Vinywaji vya moto ningoje vipoe. Maji ya chumvi puani mara kadhaa kwa siku, na mafuta mepesi ndani ya tundu asubuhi na jioni ili pasikauke. Dawa ya presha kila siku, bila kuruka. Diklofenaki marufuku, na aspirini nisiiguse mpaka daktari wa moyo aseme kama ninaihitaji kweli. Vidonge vya madini ya chuma miezi mitatu, navyo vitatia choo weusi, nisiogope ila kikiwa laini kama lami.

Na damu ikirudi: keti, inama mbele, bana nyama laini dakika 15, tema. Mwenzio akutazame kooni. Ikipita hapo bado inakuja, njoo, saa yoyote.

Pale mlangoni nilimtafuta yule kijana wa dharura aliyeushusha mkono wangu kutoka kwenye mfupa. Hakuwa zamu. Nilimwachia salamu kwa mwenzake, sijui kama zilifika.

Wiki ya tatu, kliniki

Usiku wa kwanza nyumbani niliamka mara sita kugusa mto. Wa pili mara nne. Hofu hii hakuna aliyenionya kuihusu, na naona ingefaa mtu aonywe: damu ikishakukuta usingizini, unaacha kuuamini usingizi. Mume wangu alinunua tochi ndogo akaiweka kando ya kitanda. Nikishtuka, anaiwasha, hasemi kitu, ananitazama kooni, anatikisa kichwa kwamba hakuna, tunazima. Hatukupanga hivyo. Ilikuja yenyewe, na karibu siku kumi ikaisha yenyewe.

Leo presha ni 132 kwa 82. Himoglobini 10.6. Daktari alipitisha kamera, akabandua gaga mbili ngumu zilizokuwa zinanizibia, akaniambia mahali palipobanwa pamefunikwa na ngozi mpya. Harufu zimeanza kurudi. Sabuni ya mikono ya kliniki ilinipiga puani nilipoingia, nikasimama kuinusa.

Kabla sijashuka kitini akachukua tochi. "Fungua mdomo nione."

Akatazama kulia, akatazama kushoto, akazima.

"Pakavu."

Nikameza. Yalikuwa mate tu.